Magoti ya Capitaine Mukalay

Ukitoka kwenye stesheni ya Kamina, ukawapita wauza sabuni na vijana wa piki-piki wanaokuita "papa" hata kama umri wako bado ni wa kuitwa kaka, utakuta ubao mrefu umelazwa juu ya vipande viwili vya mbao za reli. Hapo ndipo Sénat, baraza la wanywa kahawa. Kahawa ni ya Yakubu, mtu wa asili ya Maniema, tangawizi nyingi na sukari ya kubembeleza. Siasa, dini na mafundisho ya ndoa ni bure. Ubao wenyewe una tabia yake: aliyekaa ncha moja akiamka ghafla, aliyekaa ncha nyingine anashuka chini na kikombe chake. Kwa hiyo Sénat ina sheria moja tu iliyowahi kupita bila ugomvi, kwamba kila anayetaka kuamka aseme kwanza, kwa sauti, "Naamka." Sheria hiyo imewaingia mpaka mifupani. Wako maseneta wanaosema "naamka" hata kanisani kabla ya kusimama kuimba, na majirani zao wa benchi wanawaangalia kwa huruma.

Siku hiyo Mukalay alifika kabla ya birika kuchemka, jambo ambalo si la kawaida yake. Alifanya kazi ya kugeuza njia za treni mpaka alipostaafu, lakini hakuna aliyemwita jina la kazi hiyo. Aliitwa Capitaine, kwa sababu ya hadithi yake. Alizaliwa upande wa maji, karibu na Kinkondja, na mjomba wake akamleta Kamina akiwa bado na meno ya utoto. Tangu hapo maji yaliyompita magotini yalikuwa ya mvua tu, barabarani. Lakini ukimpa kikombe kimoja, atakusimulia alivyokuwa akisimama nyuma ya mtumbwi, upondo mkononi, ule mti mrefu wa kusukumia, ziwa limetulia, samaki wamejaa mtumbwi mpaka juu, na watu wa ukingoni wanaitana waje wamwone. Wala hakuwa mwongo. Aliiona picha hiyo wazi kabisa, kama alivyoliona birika la Yakubu.

Hadithi ingebaki hadithi kama mtoto wake Élisha asingempenda Plamedi, binti wa watu wa ziwa. Baba ya Plamedi alikuwa amesema kwa simu, kwa adabu zote, kwamba wanaogopa kidogo kumpeleka mtoto kwa watu wa reli, watu wasiojua maji yanaanzia wapi. Mtu mwenye akili angecheka, akaomba tarehe. Mukalay alijibu kwa vocal ya WhatsApp, ujumbe wa sauti mrefu kama misa ya Pasaka. Alisema yeye ni mtoto wa ziwa Kisale. Alisema anaijua desturi ya ukoo ule: baba wa kijana anafika kwa maji, amesimama, upondo ameshika mwenyewe, ndipo mashangazi wanashuka kivukoni na nyimbo kumpokea. Akifika amekaa kama gunia la muhogo, mashangazi hawashuki, na maneno ya ndoa yanaahirishwa mpaka "watu wafike." Mukalay alisema atafika Jumamosi, tena wima. Mdomo ukakiponza kichwa, na kichwa kikayaponza magoti.

Wiki nzima alikuwa akijaribu nyuma ya nyumba, juu ya ubao wa kufulia. Aliangukia sufuria, akaangukia kuku, na mara ya mwisho akaangukia nguo zilizokwisha kuoshwa. Mke wake Denise alizikusanya nguo zake polepole, akamwambia bila hasira kwamba yeye hata kitandani huwa anaanguka. Hilo lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli.

Basi alipofika Sénat asubuhi hiyo alikuwa na swali, na kwa aibu akalivalisha nguo za mtu mwingine.

— Minyi niko na question, alisema. Iko juu ya rafiki mumoja. Muntu alijifunza kazi ya mwili zamani, kisha akaiacha myaka mingi. Mwili inaweza kusahau?

Maseneta walimwangalia. Wote walikuwa wameisikia ile vocal. Tshiala, mama wa mikate, alikuwa nayo kwenye simu yake, na wateja wake walikuwa nayo kwenye simu zao.

— Ule rafiki eko na magoti ya namna gani? aliuliza Tshiala.

— Ya kawaida.

— Sawa yako?

— Karibu.

Tshiala aliuza mikate ya mafuta kando ya kahawa ya Yakubu. Alizaliwa Kananga, akamfuata mume wake askari mpaka Base, kambi ya jeshi, na sauti ya kambini haikumtoka tena, ndiyo maana aliitwa Adjudant. Alimhurumia Capitaine, lakini huruma yake ilikuwa ya aina ya kupiga mgongo kwa nguvu. Alisema mwili hausahau, ila unachagua. Mume wake ameacha jeshi zamani, anafuga bata sasa, lakini mfuniko wa sufuria ukianguka analala chini kifudifudi. Siku moja sokoni rundo la mabeseni lilimwagika, akaja kuokotwa chini ya meza ya muuza chumvi, amekumbatia fimbo ya mwavuli.

— Mwili ni sawa recrue, askari mupya, alimaliza. Haisikie maneno muzuri. Inasikia filimbi.

Hapo Professeur Nicodème alikohoa, na Professeur akikohoa ujue kuna somo. Huyu alikuwa mlinzi wa shule moja kwa miaka mingi, akilala chini ya ubao wa darasa la sita, na anaamini kwamba elimu ilimwingia kupitia mgongo. Alieleza kwamba kichwa ni direction tu. Kichwa kinatia sahihi. Kazi yenyewe inafanyika kwenye ba-bureau za chini: kila kiungo kina ubongo wake mdogo, na ule wa goti ndio mkubwa kuliko wote. Ule mfupa wa mbele wa goti, alisema, Mungu aliuweka kama kifuniko ili maarifa yasivukize.

— Sasa goti ikizeeka? aliuliza Mukalay, akisahau kwamba swali ni la rafiki.

— Kifuniko inalegea.

— Na maarifa?

— Inatoka mu jasho.

Mukalay aliangalia magoti yake ndani ya suruali. Alikumbuka kwamba tangu Jumatatu yalikuwa yakitoka jasho sana.

Yakubu hakuwa amekubali. Watu walimwita Hadji, ingawa safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Kindu, tena alirudi kabla ya kufika. Alipanguza vikombe, akasema mambo ya goti ni madogo; jambo lenyewe ni damu. Babu wa babu yake alibeba mizigo kichwani kwenye njia za biashara za zamani, na ndiyo maana yeye Yakubu anaumwa shingo mpaka leo, na hajawahi kubeba kitu kizito kuliko birika. Mwili unakumbuka hata kazi ambayo haukuifanya. Mtoto wa nyoka ni nyoka, alisema, kwa hiyo mtoto wa mtumbwi ni mtumbwi, na mtumbwi hauwezi kuanguka ndani ya mtumbwi.

Waliitafuta maana ya hilo ndani ya vikombe vyao. Professeur alisema inaelekea kuwa kweli.

Lakini Hadji mwenyewe akaona tatizo. Damu inataka maji yake. Mtu aliyezaliwa ziwani, kisha akaogea maji ya bomba la Kamina maisha yake yote, damu yake imechakachuliwa. Dawa ni kula samaki wa Kisale, kichwa chake, kila siku mpaka Jumamosi. Professeur akapinga papo hapo. Samaki anayefika Kamina amekaushwa kwa moshi, na moshi unakausha kumbukumbu pamoja na samaki. Tena, hata akiwa mbichi, samaki hafai kabisa kwa kesi hii.

— Juu ya nini? aliuliza Yakubu.

— Samaki hasimamake.

Hilo lilikuwa neno zito. Lilizunguka ubao mzima. Mwishoni Yakubu akapendekeza kwamba basi mgonjwa ale korongo, ndege anayesimama majini mchana kutwa kwa mguu mmoja, na kwamba Mukalay mwenye miguu miwili angebaki hata na akiba.

Mukalay alitabasamu nao, kwa sababu angefanya nini tena. Moyoni alikuwa na hofu. Kulowa hakukumtisha. Alichokiona kila akifumba macho ni Élisha amesimama kivukoni, suti mpya, akimwangalia baba yake anatapatapa kwenye matete, na juu kijijini mashangazi wanaendelea kutwanga kana kwamba hakuna mgeni. Yule kijana hakuwa ameomba hadithi. Alikuwa ameomba mke.

— Tutoke mu théorie, alisema Tshiala. Tutampima hapa.

Hakuna aliyeuliza atapimwa wapi, maana mtumbwi walikuwa wameukalia. Tshiala akawa mkubwa wa kivuko. Alimweka Professeur ncha ya mbele, kama mkwe mwenye heshima. Yeye mwenyewe na Yakubu wakasimama kando kuwa maji, baada ya ubishi mfupi juu ya nani awe upande wa kina kirefu. Birika, ambalo lilikwisha kupoa kwa sababu ya elimu, liliwekwa katikati kuwa mzigo, na kando yake kopo la sukari lililokuwa tupu. Mukalay alipewa mti wa fagio. Alivua viatu, akasema sala fupi, akapanda ncha ya nyuma.

Mwanzo magoti yalicheza ngoma yao. Kisha, ajabu, yakatulia. Alisukuma mti wa fagio kwenye vumbi mara moja, mara mbili. Vijana wa piki-piki wakazima mashine zao. Mukalay alihisi upepo usoni, upepo wa kweli, akanyosha mgongo na kuanza kuwaelekeza abiria: hapa kushoto ni matete, pale mbele ni kina, msiweke mikono nje. Sauti ilimtoka nene. Professeur, huko mbele, aliinua mkono mmoja kuwasalimia watu wa ukingoni ambao hawakuwapo.

— Eyo vidye, alijibu Tshiala kwa niaba ya ukingo, salamu ya heshima, kwa Kiluba alichojifunza sokoni.

Wakati huohuo alikuja mama mmoja wa makamo, amejitwisha mfuko wa samaki wakavu, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Alisimama kando ya meza ya mikate akiangalia. Sasa, Professeur Nicodème ana makosa yake, lakini malezi anayo. Alipomwona mwanamke amesimama na mzigo kichwani na yeye amekaa, mwili wake uliamka wenyewe kumpa nafasi. Uliamka bila kusema "naamka."

Ncha ya Mukalay ikashuka. Birika likateleza, likajilaza, na kahawa yote ikatiririka juu ya ubao ikija kwake, ikajaa kwenye vidole vya miguu yake.

Kila mtu alingoja aanguke. Hakuanguka, wala hakuruka, wala hakujishika na ule mti. Aliutupa. Alichuchumaa palepale, goti moja ndani na moja nje, akanyakua kopo la sukari, akaanza kutoa maji. Alichota chini, akazungusha kifundo cha mkono, akamwaga pembeni, karibu kabisa na ubavu wa ubao. Akachota, akamwaga, akachota, akamwaga, haraka na bila kelele, mkono wa pili ukipapasa nyuma yake kutafuta tundu linaloingiza maji. Macho yake hayakuangalia mtu. Kahawa ilikwisha, akaendelea na vumbi.

Stesheni nzima ilicheka. Vijana wa piki-piki walishikana mabega. Tshiala alikaa chini kabisa, machozi yakimtoka, akisema Capitaine ametoa maji Kamina yote, hata mvua ijayo ameitoa. Professeur alicheka mpaka akapiga magoti yake yenye ubongo. Yakubu pekee alicheka nusu, kwa sababu ile ilikuwa kahawa ya kuuza.

Kelele ndizo zilizomrudisha Mukalay. Aliangalia kopo mkononi kama mtu aliyekutwa na kitu cha jirani.

Mama wa samaki hakuwa amecheka. Alishusha mfuko wake.

— Ulimwaga chini, ku mbavu ya mutumbwi, alisema. Haukulowesha muntu. Nani alikuonyesha vile?

— Baba.

— Na yeye alikuwa wapi?

— Nyuma. Alisimama.

— Na weye?

Mukalay alifungua mdomo kumpa hadithi, ile ndefu, na hadithi haikuja. Zilikuja nyayo. Nyayo za baba yake, visigino vimepasuka, vidole vimeng'ang'ania mbao, karibu sana na uso wake. Juu ya nyayo kulikuwa na miguu, na juu kabisa, mbali, upondo na mbingu. Picha yote aliyoisimulia maisha yake yote alikuwa ameiona kutoka chini. Mtu aliyesimama ndani yake alikuwa baba. Yeye alikuwa mtoto aliyechuchumaa na kopo.

— Chini, alisema. Minyi nilikuwa chini. Sikusimamaka hata siku moja.

Aliyasema hayo polepole, na kicheko kikaisha chenyewe. Alisikia aibu, ndiyo, lakini zaidi alisikia uchungu wa kumkosa baba yake, uchungu mpya kabisa, kama kwamba mzee alikuwa amefariki asubuhi hiyo. Tshiala alijifuta macho, akamsogezea mkate bila neno. Kwa Tshiala, hiyo ni hotuba.

Yule mama akajitaja. Anaitwa Ngoie, dada ya baba yake Plamedi, yaani shangazi mwenyewe, mkubwa wa wale wa kushuka au kutoshuka kivukoni. Alikuja kuuza samaki, na alikuja pia na macho yake. Kaka yake alikuwa ameisikia ile vocal mpaka mwisho, akamwambia: muntu anayesema maji namna hii, nenda uangalie kama alisha kuyanywa.

Professeur alitafuta mahali pa kujificha na hakupapata. Mukalay aliweka kopo chini.

— Naamka, alisema, ingawa alikuwa peke yake kwenye ubao. Akasimama mbele ya shangazi, viatu mkononi, kahawa kwenye vidole. — Mama, mambo ya mudomo yangu, musiiweke juu ya mutoto. Élisha hakusemaka kitu. Ni mutoto wa kazi, na anamupenda Plamedi. Kama ni kucheka, mucheke minyi. Jumamosi naweza kubakia hapa Kamina, mumpokee yeye peke yake.

Alikuwa hajawahi kusema maneno machache hivyo pale Sénat. Mama Ngoie alimwangalia muda, kisha akaangalia ubao, na unyevu wa kahawa uliokuwa umeanguka wote upande mmoja, mstari mmoja, kama uliopimwa.

— Kusimama, alisema, kila kijana wa kwetu anasimamaka, juu bamwana-muke bamuangalie. Lakini ukiingia mu mutumbwi na batoto na mizigo, haumuangalie ule wa kusimama. Unauliza: kopo iko na nani? Kuja Jumamosi. Kuja na ukae chini. Upondo atashika kaka yangu. Shiye mashangazi tutashuka.

Mukalay alitaka kushukuru, akashindwa, akasema "wafwako, mama", asante ya Kiluba, kwa sauti ya mtoto, mara nyingi kuliko inavyohitajika. Professeur akatangaza kwamba ndivyo alivyosema tangu mwanzo, ila si goti, ni kiwiko. Tshiala alisema filimbi ilikuwa birika. Yakubu, aliyekwisha kuisamehe kahawa yake, aliinua kidole na kutoa methali: maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Maana yake, akafafanua, Jumamosi wote wavae nguo mpya.

Maana wote walikuwa kwenye ujumbe wa kwenda kuposa. Hilo lilipangwa zamani. Professeur ni msemaji wa ukoo, Tshiala atasimama badala ya Denise ambaye alisema haingii kwenye mtumbwi wowote wenye mume wake, na Yakubu atabeba zawadi, shingo ikimruhusu. Furaha ikawapanda. Kwa kuwa sasa kopo ndilo heshima, kila mmoja akataka kuijua kazi ya kopo. Walichukua vikombe, wakachuchumaa kando ya ubao, wakamtaka Capitaine awafundishe, polepole, hatua kwa hatua.

Mukalay alichuchumaa mbele yao kama mwalimu. Alishika kopo. Akainua mkono wa kulia, akaurudisha, akajaribu wa kushoto. Kifundo kinazunguka kabla ya kumwaga, au baada? Goti gani linakwenda ndani? Alichota, akajimwagia vumbi kifuani. Alichota tena, akampata Professeur jichoni. Kadiri alivyofikiri, ndivyo mkono ulivyozidi kuwa wa mtu mwingine.

— Lakini ulifanya sasa hivi, alisema Yakubu.

— Minyi sikufanya. Ulifanya mukono.

— Basi uliza mukono.

Wakacheka tena, wakachezeana vumbi kama watoto wa shule. Professeur alikuwa anaanza kueleza kwamba kiwiko kikiulizwa mbele ya watu kinaona haya, kwa hiyo inafaa kukifunika kitambaa. Mama Ngoie alikuwa ameketi sasa, anakula mkate wa Tshiala, akiwaangalia mmoja mmoja kwa makini, kama anavyoangalia samaki kabla ya kukubali bei.

— Tata Mukalay, alisema, ile wakati ulikuwa mutoto, ulijua kuogelea?

— Apana, mama.

— Na sasa?

— Hata sasa.

Mama Ngoie alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepata kitu alichokitafuta. Mukalay naye alikipata. Alikumbuka maji yanavyopanda miguuni, baridi, na baba yake juu anaimba bila kuangalia chini, kwa sababu alimwamini. Alikuwa akitoa maji kwa nguvu zake zote kila siku kwa sababu aliogopa kufa.

Mama Ngoie akawageukia wengine, akauliza kwa upole, kama anayeuliza kama wamekunywa chai.

— Na ninyi ba délégation. Pale katikati ya ziwa iko mbali na ukingo. Nani mu ninyi anajua kuogelea?

Yakubu aliangalia birika. Professeur Nicodème aliangalia kiwiko chake, nacho hakikuwa na la kusema. Tshiala, aliyekuwa ameishi na askari wa kila mkoa na hakuna aliyewahi kumwona akitafuta neno, alianza kuipanga upya mikate yake. Vijana wa piki-piki, ambao hawakuwa hata kwenye ujumbe, wakawasha mashine zao na kuondoka.

Mama Ngoie alimaliza mkate wake, akapanguza mafuta vidoleni.

— Sawa, alisema. Sasa muanze tena.

Wakainama wote wanne na vikombe vyao, bila kucheka, na mkono wa Mukalay ukaanza kuchota wenyewe.